Ngozi Aliyoichagua Baba Mdogo

Baba mdogo ni kinyozi wa wembe, na kama hujawahi kusikia habari zake basi ni wewe peke yako, maana wengine wote ameshawaambia mwenyewe. Kazini anajiita Makali. Jina hilo hakupewa na mtu, kajipa. Na mtu mzima akishaanza kujipa majina ya sifa, jamani, ujue watu wa kumsifu wamekosekana.

Ngoja niwape habari zake vizuri, maana ni tamu, na yeye hasomi kitu kirefu kuliko maneno ya chini ya video. Hatajua.

Saluni anayofanyia kazi ina viti vitatu. Mwenye saluni ni mama mmoja mfupi, mwepesi wa kutembea na mzito wa kucheka, wote tunamwita Bosi. Kiti cha kwanza na cha pili ni vya vijana wawili wa mashine, wale wa kuchonga nywele kwenye paji la uso kama wanapima kiwanja. Kiti cha tatu, kilichosukumwa mpaka karibu na mlango wa nyuma, ndicho ufalme wa baba mdogo. Pale kuna kioo kilichoanza kuliwa na kutu pembeni, bakuli la povu, brashi iliyonyonyoka nusu, wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, na msumari ukutani wa kutundikia mkanda wa ngozi.

Huo mkanda ndio wenye kesi yote. Kwa ambaye hajawahi kuona: wembe wa kukunja hausuguliwi kwenye jiwe kila siku. Jiwe ni la mara mojamoja. Lakini kila kabla ya kumnyoa mtu, lazima uupitishe kwenye mkanda wa ngozi uliovutwa ukakaza, mgongo wa wembe unatangulia, makali yanafuata nyuma, kwenda na kurudi, mara thelathini hivi. Makali yamepindapinda kidogo, kwa macho huoni, ngozi inayanyoosha. Ukiruka hapo humnyoi mtu, unamparua kama samaki.

Mkanda wake wa kwanza aliachiwa na kinyozi aliyemfundisha kazi. Ulikuwa na miaka zaidi ya ishirini, umekuwa mweusi na laini kama kiganja cha mtu. Baba mdogo akaumaliza mchana mmoja. Alikuwa ameona kwenye simu kinyozi fulani anachezesha wembe kwenye mkanda kwa kasi, chap chap chap, huku anaangalia pembeni. Na yeye akategesha simu kwenye kopo la poda, akajirekodi. Hiyo video ninayo. Unamsikia anasema, "Tazameni mkono huu," anaanza, anaangalia pembeni kama yule wa kwenye simu, anaugeuza wembe vibaya, makali yanatangulia. Mkanda ukachanika mpaka katikati. Halafu sekunde nane za kimya. Nimeiangalia mara kumi na moja na kila mara zile sekunde nane zinanipa raha mpya.

Basi ikabidi itafutwe ngozi nyingine.

Sasa, mke wake, mama mdogo, ni fundi viatu. Ana kibanda mbele ya nyumba, mtaa mzima unamwita Mama Soli. Ngozi anaijua mpaka inachosha kukaa naye, ukipita na mkoba mpya anaushika, anaukunja, anakwambia huu utapasuka kwenye mshono kabla ya mwezi, na kweli unapasuka. Kisu chake cha kukatia soli anakinoa mwenyewe kwenye kipande cha ngozi alichokigundisha juu ya ubao, upande wenye manyoya manyoya ya ndani ukiwa juu. Kinakata nyama ya ng'ombe kama kinakata hewa. Wenye bucha huwa wanamletea visu vyao na wanasubiri wamesimama.

Kwa hiyo mtu mwenye akili angemwambia, mke wangu, nichagulie. Baba mdogo akamwambia twende ukanisindikize.

Duka la ngozi ni chumba kirefu kisicho na dirisha. Ngozi zimekunjwa kama mikeka, zimesimamishwa ukutani, harufu inakupiga usoni kabla hujasalimia. Mwenye duka ni mtu mnene anayevaa mkasi shingoni kwa kamba. Mama mdogo alimsalimia, akaanza kazi. Hakuuliza bei wala rangi. Akawa anatoa ngozi mojamoja, ananusa. Yenye harufu ya rangi anairudisha. Yenye harufu ya magome ya miti anaitandaza. Akaikunja moja kwa nje kuona kama mikunjo inabaki, ikabaki, akairudisha. Nyingine akaivuta kwa mikono miwili, ikavutika, akasema hii ni ya tumbo, ng'ombe alikuwa anashiba na kupungua, ngozi ya tumbo haina msimamo. Nyingine ina alama za kupe, wembe ukipita pale unaruka. Mpaka akafika kwenye kipande kimoja cha mgongoni, rangi ya chai iliyosahaulika mezani, kinene kiasi, kikavu kiasi. Akapitisha kiganja polepole. Ngozi ikakishika kiganja kidogo halafu ikakiachia. Akabonyeza kwa ukucha, alama ikaingia, ikarudi taratibu.

Akasema ni hii. Mwenye duka akatikisa kichwa kukubali, maana hata yeye kipande hicho alikuwa amekificha nyuma.

Baba mdogo muda huo alikuwa mlangoni kwenye mwanga, ameshika kitu chekundu. Jamani. Chekundu kinachong'aa kama midomo ya mtu anayeenda harusini, juu yake kimepigwa chapa ya magamba ya mamba. Ng'ombe wa watu hajawahi kuonana na mamba maisha yake yote.

Mama mdogo akamwambia kwa upole kwamba hiyo ni ya tumbo, itavutika na kulegea kama kamba ya bembea, tena juu wamepaka rangi nzito, wembe utateleza kama kwenye kioo, ngozi yenyewe hautaifikia. Mwenye duka akawa anaangalia dari. Yeye anauza tu.

Baba mdogo akaangalia kile kipande cha rangi ya chai, akacheka. "Hii ni ya kutandikia punda."

"Ni ya kunolea wembe," mama mdogo akasema.

"Wewe unashona viatu, mke wangu. Kiatu kinakanyaga mavi. Wembe unashika uso wa mtu. Niachie mimi ya uso."

Alisema hivyo mbele ya watu. Mama mdogo akamwambia mwenye duka amkatie kile kipande cha punda, atakitumia kwa visu vyake. Wakarudi nyumbani kila mtu na ngozi yake kwapani.

Kesho yake saluni nzima ilipewa darasa. Baba mdogo alitundika lile joka jekundu kwenye msumari, akasimama, akaeleza namna ya kuchagua ngozi. Ngozi nzuri, alisema, inajulikana kwa macho. Ikikuvutia wewe inavutia na wembe. Akawasimulia habari za ngozi ya punda, na kwamba kinyozi akionekana na ngozi ya namna ile arudishe wembe akachunge. Vijana wa mashine walicheka sana, na hicho kicheko ndicho kilichokuja kumfunga kamba miguuni.

Kwa sababu mkanda haukuchukua hata siku nne. Ulilegea hasa, akiupitishia wembe unazama katikati na makali yanajikunja badala ya kunyooka. Rangi ikaanza kutoka, ikaganda kwenye wembe kama jemu. Akamnyoa mwalimu mmoja mstaafu, mteja wake wa miaka na miaka, mzee akaondoka ameshika shavu kama aliyetoka kung'olewa jino. Akamnyoa dereva mmoja, kesho yake dereva akarudi na vipele shingoni vya kuhesabika akavionyesha kwa watu waliokuwa kwenye foleni. Wa tatu alitoka damu sehemu tatu, akaondoka na karatasi za chooni usoni kama ukuta wa matangazo.

Na baba mdogo je, alisema nini? Alisema sabuni ya siku hizi haina mafuta. Alisema maji ya bomba yana chokaa. Alisema ndevu za watu zimebadilika kwa sababu ya vyakula. Siku moja akasema ni hali ya hewa. Kila kitu duniani kilikuwa na kosa isipokuwa kile chekundu kinachoning'inia mbele ya macho yake. Na mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu ungemwambia na bado asingetazama.

Bosi akamwita. Alimwambia mambo machache tu. Jumamosi kaka yake mkubwa anakuja kunyolewa, mtu mwenye ndevu ngumu kama brashi ya kusugulia sakafu na shingo inayoota vipele kwa kuangaliwa tu. Akiinuka salama, kiti cha tatu kitabaki cha baba mdogo. Akiinuka na kipele, kiti kinatolewa, pale linafungwa sinki la kuoshea nywele.

Hapo ndipo nilipomwona baba mdogo amenyamaza kwa mara ya kwanza mbali na zile sekunde nane. Maana kazi nyingine hajui. Alishajaribu ulinzi, akalala mpaka akaibiwa viatu vyake mwenyewe. Alishajaribu kuuza vocha za simu, akawa anaongea mpaka mteja anaenda kununua ng'ambo ya barabara ili awahi. Kile kiti ndicho kitu pekee duniani kinachomvumilia.

Ijumaa jioni mama mdogo, bila kuambiwa na mtu, alichukua kile kipande cha rangi ya chai. Akakikata vidole vinne upana, urefu wa mkono. Akatia pete ya chuma kwenye ncha na kuishona kwa uzi wake ule mweupe, mishono miwili inayopishana, ambao mtaa mzima wanaujua kwa sababu wote wamevaa viatu vilivyopita kwake. Akakisugua kwa kiganja, basi, kiganja tu, karibu nusu saa, mpaka kikapata joto. Akakitundika kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, akaenda zake.

Baba mdogo alikizunguka kama paka anayezunguka bakuli la maji. Akiangalia huku, akiangalia kule. Alipoona hakuna mtu (mimi nilikuwepo, ila kwake mimi si mtu), akatoa wembe, akaupitisha mara thelathini. Akaujaribu kwenye nywele za mkono wake. Zikaruka zenyewe kabla hajazigusa vizuri.

Unadhani alisema ahsante? Alisema, "Leo wembe umetulia," akautia mkanda kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga mafundo mawili.

Ila kazini angeutundika wapi? Akiutundika ukutani, vijana wa mashine wangeiona ngozi ya punda aliyowachekesha nayo, na wangeona mishono ya Mama Soli, kwa sababu wao wenyewe wamevaa mishono hiyo miguuni. Kunolea nyumbani haitoshi, wembe unataka mkanda kabla ya kila kidevu. Basi mwanaume mwenye mvi akafikiri usiku kucha, akapata jibu: akautundika chooni. Nyuma ya mlango wa choo cha saluni, chini ya koti la kufanyia usafi ambalo halivaliwi na mtu.

Jumamosi kaka wa Bosi akaja, akakaa. Baba mdogo akampaka povu, akauficha wembe ndani ya taulo, akaenda nao chooni. Akarudi, akamnyoa. Ilikuwa kazi nzuri, lazima niseme, mkono anao huyo mtu, ila akili ndiyo hakupewa ya kuendana nao. Kaka wa Bosi aliinuka anajipapasa shavu kama amekabidhiwa mtoto mchanga. Shingo hata wekundu haikuwa nao. Akasema mkanda ule mwekundu ni kiboko. Baba mdogo akasema, ndiyo, ngozi ni kujua kuchagua.

Kiti kikabaki chake. Mwalimu mstaafu akarudi. Dereva akarudi. Na baba mdogo, kwa kila mteja, akawa anapaka povu, anaficha wembe kwenye taulo, anakwenda nao chooni. Wateja kumi, safari kumi. Wateja wawili watatu waliokaa kwenye foleni ya mashine wakamwona anapita, wakaangaliana. Vijana wakaanza kumwekea hesabu kwa chaki nyuma ya kioo. Akitoka wanamuuliza, "Pole mzee, tumbo bado linaendesha?" Naye anajibu eti alikuwa ananawa. Wiki ya pili wakamletea maji yenye chumvi na sukari kwenye chupa, wakamwekea juu ya bakuli lake la povu. Akanywa.

Akanywa, jamani. Mtu mzima, tumbo zima, anakunywa dawa ya kuhara kazini kwa sababu ya kipande cha ngozi.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi mchana, mama mdogo alikuwa amempelekea chakula, mimi nimebeba maji. Tulipofika mlangoni tukakuta mteja mmoja amekaa kiti cha tatu na povu limeshaanza kukauka usoni, baba mdogo ndiyo anatoka nyuma, na Bosi amesimama katikati ya njia.

Bosi hakupandisha sauti. "Makali, leo ni mara ya tisa nimekuona. Mtu akikaa tu, wewe chooni. Una nini?"

Mashine zote mbili zikazimwa. Baba mdogo akaangalia vijana, akaangalia joka lake jekundu ukutani, limelegea kama ulimi. Akatuangalia sisi.

Mama mdogo akasema, "Baba watoto, mwambie tu Bosi. Si jambo la aibu."

Na kweli halikuwa la aibu. Lilikuwa maneno manne: mkanda alinichagulia mke wangu. Mtoto wa chekechea angeyamaliza bila kupumua. Baba mdogo akajikohoza, akaweka mkono juu ya kitovu, hata si sehemu inayouma watu.

"Ni tumbo," akasema. "Linanisumbua wiki ya tatu sasa."

Yule mteja akainuka polepole, akajifuta povu kwa leso yake, akaenda kukaa kwenye foleni ya mashine. Bosi akamtazama baba mdogo mikono, kidole kimojakimoja, vidole vinavyovuta watu midomo na pua kutwa nzima. Akamwambia aende akapime. Kesho kabla ya saa nne alete karatasi ya daktari kwamba hana kitu cha kuambukiza, kiti atakikuta. Asipoleta, saa nne fundi bomba anaanza sinki.

Njiani nilimuuliza mama mdogo kwa nini yeye mwenyewe hakumwambia Bosi. Akaniambia, "Ngozi nimemchagulia. Na maneno nayo nimchagulie?"

Asubuhi wakaenda zahanati, baba mdogo na kikopo chake kidogo cha choo cha kupimwa kwenye mfuko wa shati. Foleni ndefu, benchi la mbao, na mpaka zamu yake ifike alikuwa ameshamfundisha jirani yake wa benchi jinsi ya kuchagua ngozi ya kunolea, tena safari hii eti ya rangi ya chai, ya mgongoni, yenye harufu ya magome, ukibonyeza ukucha inarudi taratibu. Yote neno kwa neno, kana kwamba aliyaota mwenyewe. Mama mdogo alikuwa amekaa upande wa pili wa benchi. Alimsikiliza mpaka mwisho.

Saa tatu na nusu dirisha la maabara likafunguliwa. Binti mpimaji akampa karatasi, akamwambia kwa furaha kwamba hana mdudu hata mmoja, tumbo lake ni zima kuliko la wengi waliopita pale asubuhi hiyo.

Kutoka pale mpaka saluni ni dakika kumi kwa miguu. Karatasi anayo mkononi. Kiti kinamsubiri.

Baba mdogo akaisoma, akaigeuza, akaisoma nyuma ambako hakukuwa na kitu. Mama mdogo akamwona anaanza kuelewa. Akimpelekea Bosi karatasi inayosema tumbo zima, Bosi atauliza sasa chooni ulikuwa unafanya nini. Na vijana watakuwa wanasikiliza.

Akairudisha karatasi dirishani. Akamwambia binti kuna makosa. Binti akasema hakuna, ameangalia mara mbili. Baba mdogo akasema haiwezekani, yeye ni mgonjwa, kuna watu wazima kazini wanaweza kuja kuthibitisha. Foleni ikaanza kunung'unika. Akasema hata mdudu mmoja tu, mdogo, asiyeambukiza.

Mama mdogo akamwangalia kidogo, akachukua mkoba wake, akaondoka kwenda kufungua kibanda, maana wenye visu walikuwa wanamsubiri. Alipita mbele ya saluni saa nne kasoro dakika tano. Kiti cha tatu kilikuwa kimetolewa nje kwenye baraza, na fundi bomba alikuwa anatafuta pa kuchomeka mashine ya kutobolea ukuta.

Baba mdogo alikuwa bado dirishani. Alikuwa anamwomba binti aangalie tena.